Muhali na muhuri: pale sheria ya Zanzibar inapokwama

Ukitaka kuijua sheria ya Zanzibar, anza na karatasi ya mistari iliyochanwa katika daftari la skuli. Juu imeandikwa "Makubaliano ya kuuziana msingi". Chini yapo majina ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi wawili, sahihi zimepanda na kushuka, na pembeni muhuri wa sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, ambao wino wake umeanza kufifia. Ramani hakuna. Namba ya kiwanja hakuna. Mipaka imetajwa kwa watu na miti: kaskazini kwa jirani, kusini njia ya kisimani, mashariki mwembe. Mnunuzi ameweka hapo akiba ya miaka yake yote ya kazi Maskati. Siku muuzaji akifariki na wanawe wakaja juu kwamba mzee wao aliuza minazi mitano na wala si ardhi, karatasi hiyo ndiyo itakayolazwa mezani kwa hakimu.

Wanaoandika "msingi" badala ya "kiwanja" wanajua wanachokifanya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, na Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ikauendeleza msimamo huo: ardhi yote ya Unguja na Pemba ni ya umma, iko mikononi mwa Rais, na raia ana haki ya kuitumia. Haki hiyo yaweza kuhama kutoka mtu hadi mtu, ila Sheria Namba 8 ya 1994 inataka uhamisho upite kwanza mbele ya Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Kufika bodini ni safari: upimaji, ada, barua, kusubiri. Kwa sheha ni asubuhi moja. Basi watu huuziana kile ambacho tangu zamani visiwani kilikuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, yaani mti na jengo. Msingi wa mawe uliopanda futi mbili kutoka chini ukishahesabiwa kuwa mali, unauzika. Ardhi iliyo chini yake inahama kimya kimya bila kutajwa.

Tatizo ni kwamba muhuri wa sheha unathibitisha kitu kimoja tu: kwamba watu hao walikaa mbele yake siku hiyo wakatia sahihi. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba kiwanja kile hakikuuzwa mwezi uliopita kwa mtu mwingine mbele ya sheha aliyemtangulia. Kila mwenye kufuatilia migogoro ya ardhi Zanzibar amekutana na karatasi mbili za msingi mmoja, zote zina muhuri, zote zina mashahidi walio hai.

Kwa nini mtu mwenye akili zake anakubali kutoa fedha kwa karatasi kama hiyo? Wazanzibari wana neno lake: muhali. Ni ule uzito wa kumkatalia au kumuumbua mtu mnayejuana. Ni jirani, ni shemeji, alisoma chuo na marehemu baba. Kumwambia mtu kama huyo "nionyeshe hati" ni kama kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa vyote, na ukitoa wageni na wahamiaji, uliza majina matatu tu utakuta undugu au ukwe. Mahali padogo namna hiyo, maisha yanakwenda kwa muhali. Mahakama, kwa upande wake, inataka muhuri. Wachambuzi wengi wa sheria ya Zanzibar huanza na Muungano na huishia hapo hapo. Mimi nitaufikia mwishoni, kwa kuwa naona ugonjwa wa huko juu ni ule ule wa kwenye daftari la skuli.

Kwanza milango yenyewe. Kuanzia 1970 Zanzibar iliendeshwa na Mahakama za Wananchi: watu watatu mezani, wengi wao makada wasiosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Sheria za 1985 ndizo zilizoleta mpangilio tulio nao. Upo mkondo wa kawaida: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Mkoa, kisha Mahakama Kuu. (Ukiona "Mahkama" bila *a* ya pili, ujue karatasi imetoka Zanzibar; hata mahakama ya juu kabisa Katiba ya Muungano inaiita "ya Rufani" na wenyeji wanaiita "ya Rufaa".) Upo mkondo wa kadhi, kuanzia wilayani kwenda kwa Kadhi Mkuu, na kutoka hapo Mahakama Kuu, ambako jaji husikiliza pamoja na maulamaa. Na upo mkondo wa ardhi, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994 ili wataalamu wa ardhi wakae na mwanasheria kusikiliza migogoro ya mipaka na umiliki. Mikondo mitatu, na mwananchi ana jambo moja. Jambo lake halijui mikondo.

Tuchukue ndoa iliyovunjika baada ya miaka 18. Nyumba ya vyumba vitano, imejengwa kidogo kidogo. Mume alinunua msingi kwa karatasi ile tuliyoiona, jina lake peke yake. Mke alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na kucheza upatu. Zamu yake ilipofika alinunua mabati. Talaka imetoka. Anakwenda kwa kadhi, na hapo mambo ya edda (muda wa kungoja baada ya talaka), matumizi ya edda na mahari iliyobaki yanashughulikiwa kwa fiqhi, sheria ya Kiislamu, inayoeleweka vizuri na haraka kuliko mahakama nyingi. Lakini nyumba?

Chini ya Sheria ya Kadhi ya 1985 swali la nyumba halikuwa na makao. Kadhi alikuwa na ndoa, talaka na mirathi. Mali iliyochumwa pamoja ilibaki hewani, na mwanamke aliambiwa aende mahakama ya kawaida, ambako aliulizwa kuhusu hati, na hati ilikuwa ya mume. Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 ilirekebisha hilo kwa kumpa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale mchango wa kweli unapothibitishwa. Ni hatua kubwa na haijasifiwa vya kutosha. Lakini uzito wake wote umewekwa kwenye neno "kuthibitishwa". Risiti ya mabati iko kwa jina la nani? Fundi aliyeezeka yuko wapi? Kijumbe wa upatu ana daftari, au alikuwa akihesabu kwa kichwa? Mke aliyetunza risiti miaka yote 18 angeonekana tangu mwanzo anajiandaa kuachwa. Muhali ndio uliomnyima ushahidi, na sasa anaulizwa ushahidi.

Wasomaji wa Bara watasema: si kuna kesi ya Bi Hawa? Ndiyo, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. (Yeye mwenyewe alitoka bila kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, ila kanuni ilibaki.) Kesi hiyo inafundishwa kila chuo cha sheria nchini. Haivuki bahari. Imejengwa juu ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haitumiki Zanzibar, na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi yamezuiwa na kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar yasifike Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mtalaka wa Temeke, Dar es Salaam, na mwenzake wa Fuoni, Unguja, pengine ndugu wa tumbo moja, wana haki mbili tofauti juu ya mabati yale yale. Sisemi kadhi afuate Bi Hawa. Nasema hukumu za kadhi kuhusu "mchango wa kweli" ni nadra kuonekana zimechapishwa, na bila kuchapishwa kila kadhi anaanza upya na kila mwanamke anaingia gizani. Katika haya yote hilo ndilo la kurekebishwa kwa gharama ndogo kabisa: wino na karatasi.

Na bado hatujamaliza nyumba hiyo. Kadhi akisema mke apate theluthi, halafu akajitokeza mtoto wa muuzaji wa msingi na kudai ardhi ni ya ukoo, jambo limehama mkondo. Sasa ni mgogoro wa umiliki wa ardhi. Wakili mzembe atafungua shauri mahakama ya kawaida kwa sababu karani wake amezoea njia hiyo. Miaka inapita, mashahidi wanasikilizwa, hukumu inatoka, na kwenye rufaa pingamizi linakuja: mahakama ile haikuwa na mamlaka. Pingamizi la mamlaka linaweza kuletwa hatua yoyote, hata kwenye rufaa ya mwisho, na likikubaliwa mwenendo wote unafutwa kama haukuwahi kuwepo. Sioni kwa nini karani wa masjala asiwe na uwezo wa kuhamishia jalada mkondo unaostahili siku ile ile linapofunguliwa, badala ya kulipokea, kukata risiti na kuacha lioze.

Mirathi ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko yote jinsi hesabu mbili zinavyogongana. Mtu amekufa Pemba, ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni, 1/8. Zimebaki 7/8, na kwa kuwa mwanamume huchukua sehemu mbili za mwanamke, ni sehemu saba: nne za wanaume, tatu za wanawake. Inatoka safi mno: mama 1/8, kila binti 1/8, kila mwana 2/8. Wasia, kama upo, hauvuki theluthi moja na hautolewi kwa mrithi. Kadhi hahitaji kikokotoo.

Sasa tuseme alichoacha ni eka tatu. Baada ya Mapinduzi serikali iligawa mashamba yaliyotaifishwa kwa familia zaidi ya 20,000, eka tatu kila moja, kazi iliyoanza 1965 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyepewa alipewa aitumie. Hakuruhusiwa kuuza wala kukatakata. Hesabu ya mirathi inasema kila binti ana robo tatu ya nusu eka, kiasi cha mita za mraba 1,500, na karafuu zilizosimama humo. Masharti ya eka yanasema shamba ni moja. Familia hufanya nini? Muhali tena. Shamba linabaki kwa kaka mkubwa "kwa niaba ya wote". Msimu wa karafuu anachuma, anaanika, anapeleka kituo cha ZSTC, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ambalo ndilo shirika pekee linaloruhusiwa kisheria kununua, na fedha zikirudi anawagawia wenzake kadiri anavyoona. Miaka 30 inapita hivyo bila ugomvi. Kaka anapokufa, wanawe wanakuta jina la baba yao peke yake kwenye kumbukumbu za sheha. Hapo kadhi anakabiliwa na kile ambacho wanazuoni wanakiita munasakha: mirathi iliyorundikana juu ya mirathi, warithi wa warithi, baadhi yao Maskati, Toronto na London, na 1/8 ya shangazi imekuwa 1/8 ya watu tisa. Tangu 2007 ipo sheria inayoipa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kazi ya kusimamia mirathi ya Waislamu, na mwenye busara huripoti huko mapema, mali ikiwa bado haijatawanyika. Wengi hungoja arubaini ipite, kisha mwaka, kisha wanasahau. Kutaja mirathi kabla ya tanga kuisha huonekana ni uroho.

Mpaka hapa muhali umekula mali. Katika kesi za udhalilishaji wa watoto na wanawake unakula watu.

Njia ya kesi hizo imechorwa vizuri. Mtoto anapelekwa kituo cha Mkono kwa Mkono, mfano kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanatakiwa kumhudumia mahali pamoja asizungushwe. Fomu ya polisi, PF3, inajazwa. Saa 72 za kwanza ndizo zenye uzito: dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ikitolewa baada ya hapo haina maana, na alama za mwilini zinafutika kwa kila kuoga. Baada ya hapo jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na tangu 2021 kuna mahakama maalumu ya makosa haya. Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 ina vifungo virefu.

Angalia lakini mishono. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano. Mkuu wake yuko Bara. Mkurugenzi wa Mashtaka ni wa Zanzibar. Mahakama ni ya Zanzibar. Gereza ni la Zanzibar na halijaitwa gereza tangu zamani, linaitwa Chuo cha Mafunzo. Mpelelezi anaweza kuhamishwa Kigoma katikati ya kesi, kwa amri ambayo mwendesha mashtaka wa Zanzibar hana kauli juu yake, na shahidi muhimu akawa anahitaji nauli ya meli na treni. Cheti cha kuzaliwa kinakosekana, na umri wa mtoto ndio unaoamua ni kosa lipi. Haya yote yanarekebishika kwa watendaji kupeana simu. Lisilorekebishika kwa simu ni kikao cha usiku nyumbani kwa babu, mtuhumiwa akiwa mjomba, na kauli ya "tusiuvue nguo ukoo". Asubuhi mama hafiki mahakamani. Tarehe ya pili hafiki. Ya tatu mtoto amepelekwa kwa shangazi Tanga. Kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi, na takwimu zinaandika tu kwamba imeondolewa.

Kila kesi ikianguka tunasikia wito wa adhabu kali zaidi. Kwa maoni yangu wito huo unazidisha tatizo: kadiri kifungo kinavyokuwa kirefu, ndivyo muhali wa kumpeleka mjomba huko unavyopanda. Kinachosaidia ni kuharakisha. Ushahidi wa mtoto uchukuliwe katika wiki za mwanzo, mbele ya hakimu, kabla kikao cha babu hakijakaa. Maneno yakishaingia kwenye mwenendo, Tanga si mbali tena.

Sasa tuvuke bahari. Katika orodha ya mambo ya Muungano, yaliyoanza 11 mwaka 1964 na sasa ni 22, Mahakama ya Rufani ni namba 21. Mahakama Kuu ya Zanzibar haimo. Kwa hiyo kesi ya Zanzibar inasikilizwa kwa sheria za Zanzibar, mbele ya majaji wa Zanzibar, mpaka siku ya hukumu ya Mahakama Kuu. Kesho yake inaingia chini ya kanuni za Muungano, Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009. Hapo ndipo kesi nyingi za madai hufa, na hufa kwa kalenda.

Siku zenyewe ni hizi. Hukumu ikishasomwa, una siku 30 kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Ndani ya siku 14 baada ya kuiwasilisha, mpinzani wako awe amepata nakala. Rufaa yenyewe, yaani sababu za rufaa, kumbukumbu ya rufaa na dhamana ya gharama, iingie ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipowasilishwa. Siku 60 hazitoshi, kwa sababu kumbukumbu ya rufaa inahitaji nakala ya mwenendo mzima, na mwenendo huo mara nyingi hakimu au jaji aliuandika kwa mkono, kwa Kiingereza, huku mashahidi wakisema Kiswahili. (Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwenyewe anasubiri miezi aione kauli yake imerudi kwa lugha nyingine. Haya.) Kanuni zinalijua hilo: muda wa kuandaa nakala huondolewa kwenye hesabu, kwa cheti cha msajili. Lakini kuna sharti. Barua ya kuomba nakala iandikwe ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mpinzani apewe nakala ya barua hiyo. Barua unayo, ila mpinzani hakupewa? Cheti hakikusaidii. Rufaa imechelewa.

Hapo ndipo muhali unapoingia hata kwa mawakili. Mji ni mmoja, mawakili wanaonana kila siku kwenye korido zile zile. Kumfuata mwenzako na daftari la kusaini "nimepokea" kwa barua ya mistari mitatu huonekana ni kumchunga. "Nitakupa nakala kesho." Baada ya miaka miwili wakili huyo huyo, au aliyempokea, analeta pingamizi, na hana ubaya wowote: kazi yake ni kumtetea mteja. Kitabu cha kupokelea barua ndicho kinachotenganisha rufaa hai na iliyokufa.

Kanuni zilizorekebishwa 2019 zilimtwika mrufani mzigo mwingine. Msajili anatakiwa awe na nakala tayari ndani ya siku 90. Zikipita bila simu, wewe mwenyewe una siku 14 za kwenda kuulizia. Kukaa nyumbani ukisubiri kuitwa si kisingizio tena. Ukishachelewa, mlango uliobaki ni maombi ya kuongezewa muda, na mahakama imeshikilia kwamba mwombaji aeleze kila siku iliyopotea, hata ikiwa moja. "Nilikuwa naumwa" bila karatasi ya hospitali ni maneno. Tuseme na upande wa pili: mambo yamelegezwa. Zamani kosa dogo kwenye dikrii (hati ya amri inayotokana na hukumu), tarehe isiyolingana na ya hukumu au sahihi ya asiyehusika, lilitosha kuitupa rufaa nje. Tangu sheria ilipoingiza lengo la kutenda haki bila kubanwa mno na ufundi, mwaka 2018, kilichosahaulika kwenye kumbukumbu chaweza kuongezwa. Na hitaji la kuomba kwanza ruhusa ya kukata rufaa katika kesi za madai lilifutwa 2023. Siku 30, hata hivyo, hazikuguswa.

Je, yapo yasiyovuka kabisa? Kifungu cha 99 kinataja mawili makubwa: mambo ya kadhi, na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Hilo la pili linaonekana wazi mpaka siku linapojaribiwa. Watu 18 wa upande wa CUF, chama cha upinzani, Machano Khamis Ali na wenzake 17, walikaa ndani tangu kukamatwa kwao mwishoni mwa miaka ya 1990 wakishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani kama maombi ya jinai, namba 8 ya 2000. Novemba mwaka huo mahakama ikasema uhaini ni kosa dhidi ya mamlaka kamili ya dola, kwamba dola yenye mamlaka hayo ni Jamhuri ya Muungano, na kwamba kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. 

Kama hukumu ya jinai, ilikuwa na mantiki yake. Lakini tazama kilichotokea: swali zito kuliko yote kuhusu hadhi ya Zanzibar lilijibiwa pembeni, ndani ya maombi ya watu waliotaka kutoka rumande, huku serikali zote mbili zikiwa hazijawahi kulipeleka mahali linapostahili. Na Zanzibar haikujibu mahakamani. Ilijibu 2010, kwa Mabadiliko ya Kumi ya Katiba yake: kifungu cha 1 kikasema Zanzibar ni nchi, cha 2 kikasema ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Hukumu ipo, vifungu vipo, kila kimoja kwenye rafu yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa sheria za Bunge. Katiba ya Muungano, ibara ya 64, inataka sheria ya Bunge itamke wazi kwamba inatumika Zanzibar, isipokuwa inapobadilisha sheria ambayo tayari inatumika huko. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar kinaongeza kwamba iwe ni kwa mambo ya Muungano tu na waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi. Isipopelekwa? Katiba moja inaona sheria imekamilika, nyingine inaona bado. Sheria ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipitishwa 2001, na miaka ilipita kabla tume haijaanza kazi visiwani. Mara nyingi pengo hilo huzibwa kwa barua na vikao vya kamati za pamoja za kero za Muungano, chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Wanakaa, wananywa chai, wanakubaliana, wanatoa taarifa kwa vyombo vya habari. Kikao cha babu, kwa suti.

Mahali pa kulipeleka swali kama hilo papo, na pameandikwa vizuri. Ibara ya 125 hadi 128 za Katiba ya Muungano zimeunda Mahakama Maalum ya Katiba kwa kazi moja tu: kuamua mgogoro wa tafsiri ya Katiba kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mahakama ya Rufani yenyewe imekatazwa kugusa mgogoro huo. Wajumbe nusu wanateuliwa na serikali moja, nusu na nyingine. Wote lazima wawepo ndipo kikao kiwe halali, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Wakiwa sita, basi wawili kati ya watatu wa Bara na wawili kati ya watatu wa Zanzibar. Mwananchi hawezi kufungua shauri hapo, hata awe na hoja nzito namna gani. Mlango ni wa serikali mbili peke yao, na tangu ulipochongwa hakuna iliyokwenda kuugonga.